Kupima mbegu za zambarau kwa kisukari: mwongozo wa maabara, kutoka mtini hadi kwa panya

Chukua mmea wowote wenye ukakasi mdomoni, ukamue kwa ethanoli, uchanganye na kimeng'enya cha hamira. Kabla ya chai ya saa nne utakuwa na "dawa ya kisukari" yenye nguvu kuliko akabosi, kidonge cha hospitali cha kisukari. Matokeo ya namna hii yamejaa kwenye tasnifu, na mengi hayafiki popote kwa sababu kipimo kilipangwa kutafuta ndiyo. Mwongozo huu umepangwa kinyume chake: kila hatua ni nafasi ya kulikataa dondoo, yaani kile ulichokamua kutoka kwenye mmea, na likipita zote ndipo unakuwa na jambo la kuzungumza.

Mfano tunaoutumia ni mbegu za mzambarau, Syzygium cumini, mti uliotoka Asia ya Kusini na kuzoea pwani yetu hadi tunda lake likatupa jina la rangi. Mbegu zake husagwa na kunywewa kwa ajili ya kisukari India na kwingineko. Tumeuchagua pia kwa sababu una karibu mitego yote ya kazi hii: tanini nyingi, wanga mwingi na rangi kali. Ukiweza kupima zambarau vizuri, mlonge hautakusumbua.

Mwongozo ni wa mwanafunzi au mtafiti mwenye maabara, msimamizi na vibali. Si wa kujaribia nyumbani, na mgonjwa asiache metfomini wala insulini kwa sababu ya chochote kilichoandikwa hapa.

Kabla ya kuchuma

Anza na vibali, kwa sababu huchukua muda kuliko majaribio yenyewe. Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI. Kazi ya panya inahitaji idhini ya kamati ya maadili ya wanyama ya chuo au taasisi yako, na iwe mkononi kabla hujaagiza panya hata mmoja. Ikiwa ujuzi wa matumizi umeupata kwa mganga wa tiba asili, andikeni makubaliano ya kugawana manufaa kabla hajakueleza. Baada ya hapo hana tena cha kujadiliana nacho.

Muulize mambo manne na uyaandike kama alivyosema: sehemu gani ya mmea, mbichi au kavu, inachemshwa au inalowekwa kwa muda gani, na mgonjwa hunywa kiasi gani kwa siku. Jibu la tatu ndilo litakaloamua kimiminika cha kukamulia. Mganga anayechemsha kwa maji hajawahi kutumia kloroformu, na dondoo la kloroformu halisemi lolote kuhusu dawa yake.

Chukua tawi lenye majani pamoja na maua au matunda, libane kati ya magazeti likauke, andika tarehe, mahali, vipimo vya GPS na jina la aliyechuma, kisha peleka nakala mbili kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo, na Nairobi kuna Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Usiruke hatua hii kwa kudhani kila mtu anaujua mzambarau. Upo mzambarau-mwitu, Syzygium guineense, ambao sokoni unaweza kuitwa zambarau vilevile, na unga wa mbegu ukishasagwa hakuna jicho litakaloutofautisha.

Usinunue unga uliokwisha kufungashwa. Zaidi ya kuchanganywa mimea, bidhaa za mitishamba za kisukari zimekutwa katika nchi mbalimbali zikiwa zimetiwa glibenklamidi au metfomini kwa siri. Ukilazimika kupima bidhaa ya dukani, ipitishe kwanza kwenye HPLC (mashine ya kutenganisha na kutambua kemikali) ukiilinganisha na dawa hizo mbili. Panya wako watapona vizuri sana, lakini kwa kidonge cha kiwandani.

Kukausha na kukamua

Menya nyama ya tunda, osha mbegu mpaka zisiwe na utelezi (nyama ikibaki inaleta sukari na ukungu), zitandaze kivulini penye upepo. Ukitumia oveni usizidi nyuzi 40. Zimekauka pale unyevu unaposhuka chini ya asilimia 10: pima gramu 5 za unga, weka kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, kisha piga hesabu ya kilichopotea. Mbegu yenye doa la ukungu itupwe. Sumukuvu ikiingia kwenye dondoo, madhara ya ini utakayoyaona kwa panya utayasingizia mmea.

Saga, chekecha, kisha fanya madondoo mawili sambamba.

La maji: gramu 100 za unga kwa lita 1 ya maji yaliyotoneshwa, chemsha dakika 20 au kwa muda aliosema mganga, chuja kwa kitambaa cha melimeli halafu karatasi ya Whatman namba 1. Mbegu za zambarau zina wanga mwingi, kwa hiyo utapata uji badala ya maji, na karatasi itaziba. Zungusha kwenye sentrifuji kwanza. Kisha ongeza ethanoli baridi mara tatu ya ujazo, acha usiku kucha kwenye nyuzi 4, tenga mashapo. Weka akiba kidogo ya dondoo ambalo halikutengwa wanga, maana ndilo analokunywa mgonjwa.

La ethanoli: gramu 100 kwa lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70, kwenye chupa iliyofunikwa karatasi ya alumini, ukitikisa kwa saa 48. Chuja, rudia na ethanoli mpya, changanya michujo yote. Ondoa ethanoli kwa rotavapa (mashine ya kuvukizia) kwenye nyuzi 40, maji yanayobaki yaondoe kwa mashine ya kukaushia kwa baridi. Dondoo linalobaki kama lami bado lina maji, na kila kipimo utakachopima kwa uzito huo kitakuwa cha uongo.

Pima uzito na uandike mavuno. Gramu 12 kutoka gramu 100 ni asilimia 12, na namba hii utaihitaji mwishoni. Gawa kwenye vichupa vidogo vya rangi ya kahawia, hifadhi nyuzi 20 chini ya sifuri, na ufungue kimoja kwa kila jaribio. Dondoo linalogandishwa na kuyeyushwa mara kumi si lile ulilolianza.

Alfa-glukosidase: kipimo chenyewe

Kimeng'enya hiki hukaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na hukata sukari za mwisho kuwa glukosi. Akabosi hufanya kazi kwa kukizuia. Maabarani tunakipa kemikali iitwayo pNPG, ambayo ikikatwa hutoa rangi ya njano inayosomeka kwenye mawimbi ya nanomita 405. Njano ikipungua, kimeng'enya kimezuiwa. Au hivyo ndivyo tunavyotumaini.

Andaa:

- Bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya fosfati molari 0.1, pH 6.8: changanya K2HPO4 na KH2PO4, kila moja ikiwa molari 0.1, karibu nusu kwa nusu, kisha rekebisha kwa kipima pH.
- pNPG milimolari 2.5: miligramu 7.5 kwa mililita 10 za bafa, itengenezwe siku hiyohiyo.
- Kimeng'enya, yuniti 0.2 kwa mililita kwa kuanzia, kikae juu ya barafu.
- Na2CO3 molari 0.2 ya kusimamishia.
- Dondoo ndani ya bafa yenye DMSO (kiyeyushi) asilimia 10, viwango vinane, kila kimoja nusu ya kilichotangulia.

Kwenye sahani ya visima 96, weka bafa mikrolita 120, dondoo 20, kimeng'enya 20. Acha dakika 15 kwenye nyuzi 37. Ongeza pNPG mikrolita 40, acha dakika 15 nyingine, simamisha kwa Na2CO3 mikrolita 80, soma. Dondoo limezimuliwa mara kumi ndani ya mikrolita 200 za mmenyuko, kwa hiyo ukiweka miligramu 1 kwa mililita, kilichofanya kazi ni mikrogramu 100. Andika ya pili, si ya kwanza. DMSO nayo imeshuka hadi asilimia 1, usiipandishe zaidi.

Kabla ya kugusa dondoo, kaa siku nzima na kimeng'enya peke yake. Soma njano kila dakika 2 hadi dakika 20. Mstari unapaswa kupanda moja kwa moja. Ukiinama mapema, kimeng'enya ni kingi mno na kimemaliza chakula chake. Kipunguze mpaka kisima kisicho na kizuizi kisome kati ya 0.8 na 1.2 kwenye dakika ya 15. Wanaoruka siku hii ndio wanaopata asilimia 40 Jumatatu na asilimia 75 Jumatano.

Kila sahani iwe na visima vya aina nne zaidi ya sampuli, kila kimoja mara tatu: kimeng'enya na DMSO bila dondoo, bila kimeng'enya, akabosi, na dondoo la kila kiwango bila kimeng'enya. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyosahaulika, ilhali zambarau ni ya kahawia na rangi yake husomeka hapohapo kwenye 405. Usipoitoa, dondoo zuri litaonekana baya, na hata asilimia hasi zitatokea.

Uzuiaji ni (njano ya kimeng'enya peke yake, toa njano ya sampuli iliyokwisha kutolewa rangi ya dondoo), gawanya kwa njano ya kimeng'enya peke yake, zidisha kwa 100. Chora mkunjo dhidi ya logi ya kiwango, upate IC50, yaani kiwango kinachozuia nusu. Rudia siku tatu tofauti kwa kimeng'enya kipya kila siku. Visima vitatu vya sahani moja ni jaribio moja.

Sasa suala la hamira. Kimeng'enya kinachouzwa kwa bei nafuu hutoka Saccharomyces cerevisiae, na akabosi hukizuia kwa shida, mara nyingi kwa mamia ya mikrogramu kwa mililita au zaidi. Kile cha utumbo wa mnyama, akabosi hukizuia hata ikiwa kidogo sana. Ndiyo maana sentensi "dondoo letu lina nguvu mara 50 kuliko akabosi" ikitokana na hamira haina maana yoyote: umeshindana na mtu aliyefungwa miguu. Tumia hamira kwa kuchuja sampuli nyingi tu. Kwa zilizobaki nunua unga wa utumbo wa panya, koroga miligramu 100 kwa mililita 3 za maji ya chumvi asilimia 0.9 juu ya barafu, zungusha kwa nguvu ya g 10,000 kwa dakika 30 kwenye nyuzi 4, tumia maji ya juu, na urudie kila kitu.

Je, ni tanini tu?

Tanini hushika protini yoyote inayopita. Ndizo zinazokausha ulimi unapokula zambarau isiyoiva, na ndizo zinazogeuza ngozi ya ng'ombe kuwa ngozi ya viatu. Kwenye kisima hushika kimeng'enya chako, njano inapungua, unashangilia. Tumboni zitakutana na maharage na maziwa kwanza.

Fanya majaribio matatu kabla ya kuandika neno "kizuizi".

Rudia IC50 ukiwa umeongeza albumini ya ng'ombe (protini ya damu) miligramu 1 kwa mililita ndani ya bafa. IC50 ikiruka mara kadhaa, dondoo lilikuwa linashika protini ovyo.

Rudia kwa Triton X-100 (aina ya sabuni) ya asilimia 0.01. Uzuiaji ukipotea, vilikuwa vijidonge vidogo vya dondoo lisiloyeyuka vilivyobeba kimeng'enya juu yake.

Ondoa tanini zenyewe: miligramu 100 za PVPP (unga unaonasa tanini), mililita 1 ya maji, mililita 1 ya dondoo, koroga, weka nyuzi 4 kwa dakika 15, zungusha, pima maji ya juu. Usisahau kwamba dondoo sasa ni nusu ya lilivyokuwa. Nguvu iliyobaki hapa ndiyo ya kufuatilia kwa kutenganisha viambata. Isipobaki kitu, umepata jibu lako kwa gharama ya wiki mbili badala ya miaka miwili.

Alfa-amilase

Hapa hatuna haja ya kukaa sana. Kimeng'enya hiki hukata wanga. Tumia amilase ya kongosho la nguruwe, bafa ya fosfati milimolari 20 pH 6.9 yenye NaCl milimolari 6.7 (bila kloridi kimeng'enya hiki huzubaa). Mikrolita 250 za kimeng'enya na 250 za dondoo, dakika 10. Wanga wa asilimia 1 mikrolita 250, dakika 10. DNS (kemikali ya kupimia sukari kwa rangi) mikrolita 500, chemsha dakika 5, poza, ongeza maji mililita 5, soma kwenye 540.

Tatizo ni DNS. Hupima chochote chenye uwezo wa kurediusha (kutoa elektroni), na polifenoli za mmea, tanini zikiwemo, hufanya hivyo kama sukari. Wanga uliobaki kwenye dondoo la maji nao hukatwa na kuongeza sukari. Kisima cha dondoo bila kimeng'enya kinarekebisha kosa la kwanza, si la pili. Kama dondoo lako bado ni uji, usilifanyie kipimo hiki.

Na ukipata sifuri kwenye vimeng'enya vyote viwili, usiutupe mmea moja kwa moja. Metfomini, dawa ambayo asili yake ni galejini ya mmea Galega officinalis na ambayo Jean Sterne wa Ufaransa aliitangaza kwa kisukari mwaka 1957, ingefeli vipimo hivi, kwa sababu kazi yake kubwa iko kwenye ini. Vimeng'enya vya utumbo ni dirisha moja la nyumba yenye madirisha mengi.

Sumu kwanza, sukari baadaye

Tumia mwongozo wa OECD namba 423, wa kupima sumu ya kitu kinachomezwa: panya jike watatu kwa hatua, kuanzia miligramu 300 kwa kilo au 2000 kama kuna sababu ya kuamini ni salama. Watazame kwa makini saa nne za kwanza, kisha kila siku hadi siku 14. Andika uzito, manyoya, kuhara, usingizi. Panya asiyekufa lakini akapoteza uzito ametoa taarifa, tena kubwa.

Panya wasio na kisukari: wanga dhidi ya glukosi

Hili ndilo jaribio tunalolipenda kuliko yote, na ndilo linalorukwa zaidi. Panya wawe wamezoea banda na mikono ya binadamu kwa siku 7, kwa sababu hofu peke yake hupandisha sukari. Wanyime chakula kwa muda wa saa 12, si maji, juu ya sakafu ya waya maana hula kinyesi chao. Wagawe kwa kura, mpe mtu mwingine awawekee makundi herufi ili anayepima asijue.

Makundi matano ya panya watano: maji, akabosi, na dondoo miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo. Mnyweshe kwa sindano butu ya kunyweshea, ujazo mililita 10 kwa kilo, yaani mililita 2 kwa panya wa gramu 200. Baada ya dakika 30 mpe wanga uliopikwa, gramu 3 kwa kilo. Pima tone la ncha ya mkia kwa glukomita dakika ya 0, 30, 60, 90 na 120. Baada ya wiki nzima ya kupumzika, rudia kwa glukosi gramu 2 kwa kilo badala ya wanga.

Soma hivi. Dondoo likishusha kilele cha wanga lakini si cha glukosi, kweli linazuia vimeng'enya tumboni. Likishusha vyote viwili, kuna njia nyingine, au linachelewesha tu tumbo kumwaga chakula. Lisiposhusha chochote, ile IC50 nzuri ilikuwa ya kwenye plastiki.

Angalia mambo mawili. Pima glukosi ya dondoo lenyewe kabla ya kulinywesha. Na usimlaze panya kwa zailazini ili umtoe damu, kwani hupandisha sukari kuliko wanga wenyewe.

Panya wenye kisukari

Kemikali ya kuwapa panya kisukari ni streptozotosini. Huua seli za beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, na inaweza kusababisha saratani kwa anayeishika. Glavu mbili, barakoa, kabati la hewa. Matandiko na mkojo wa siku tatu za kwanza vichukuliwe kama taka hatarishi.

Tumia madume, majike huvumilia zaidi. Pima unga kwenye kichupa cha giza, yeyusha kwa bafa ya sitrati baridi ya molari 0.1, pH 4.5, dakika ileile unayochoma. Baada ya takriban dakika 10 imeanza kuoza. Miligramu 55 kwa kilo, ndani ya tumbo, panya akiwa amefunga. Kwa panya wa gramu 200 ni miligramu 11, yaani mililita 0.5 ya mchanganyiko wa miligramu 22 kwa mililita. Usiku wa kwanza seli zinazokufa humwaga insulini yote na sukari hushuka ghafla: weka maji ya glukosi asilimia 5 hadi 10 kwa saa 24. Vifo vingi vya siku ya kwanza vinatokana na kusahau chupa hii, si na kipimo kikubwa.

Baada ya saa 72 pima sukari ya kufunga. Anayevuka milimoli 13.9 kwa lita (miligramu 250 kwa desilita) anaingia, wengine wanaachwa nje. Badilisha matandiko kila siku, watakojoa mno.

Kosa la kawaida ni kumpa panya huyu glibenklamidi kama kilinganishi. Dawa hiyo hukamua insulini kutoka seli za beta, na wewe umeshaziua. Tumia insulini au metfomini, au badili modeli: nikotinamidi miligramu 110 kwa kilo dakika 15 kabla ya streptozotosini hulinda sehemu ya seli na kukupa kitu kinachokaribia aina ya pili.

Nywesha siku 28, na kila siku pima chakula na maji yaliyotumika. Dondoo chungu linaloua hamu ya kula hushusha sukari ya panya yeyote, na njaa haijawahi kusajiliwa kama dawa. Mwisho wa kazi chukua HbA1c (kipimo cha sukari ya muda mrefu), insulini, ALT na AST (vya ini), kreatinini (ya figo), na vipande vya kongosho, ini na figo.

Namba moja kabla ya kufikiria binadamu

Zidisha kipimo cha panya kwa 6, gawanya kwa 37, namba za kulinganisha panya na mtu kwa eneo la mwili. Miligramu 200 kwa kilo zinakuwa takriban 32, na kwa mtu wa kilo 60 ni karibu gramu 2 za dondoo kwa siku. Kwa mavuno ya asilimia 12, hizo ni gramu 16 za unga wa mbegu, jambo linalowezekana. Kama dondoo lako lilihitaji miligramu 2000 kwa kilo, mgonjwa angekula gramu 160 za mbegu kila siku, simama hapo.

Hata likipita, mtu si panya mkubwa. Watafiti wa Brazili waliwapa watu chai ya majani ya mzambarau kwa utaratibu wa kisayansi na sukari haikushuka, ingawa chai hiyo ilikuwa maarufu huko. Majani si mbegu, ni kweli, lakini swali la mbegu nalo linajibiwa kwa jaribio la namna ileile, lenye kibali cha NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa) kwa Tanzania au cha Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, daktari wa zamu, na glukosi mezani kwa yeyote ambaye dondoo na vidonge vyake vitashusha sukari kwa pamoja.